Unga wa Njano Miguuni mwa Nyuki

Mama alishuka kutoka Mgeta na vitu viwili tu alivyovijali: fundo kwenye pembe ya khanga yake, na gogo la nyuki wadogo lililozibwa tundu kwa kitambaa. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, na hakuuliza hata mara moja mfuko ule uko wapi. Mjomba, mdogo wake, ndiye aliyemleta, kwenye lori la kabichi. Mama alikaa mbele na dereva, mjomba akakaa juu ya magunia akiwa amelipakata gogo. Walipofika kwangu Kihonda nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Kwanza nyuki. Wametikiswa njia nzima." Mimi niliyekuwa nimechemsha maji ya kuoga na kutandika kitanda, nikabaki nimesimama nyumbani kwangu sina kazi.

Alikuja kwa sababu ya moyo. Daktari alisema umechoka, na zile njia za mlimani asizipande tena. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Alikubali kuhama bila ubishi, na hilo ndilo lililonitisha, maana sikuwahi kumwona mama akikubali jambo bila ubishi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa haraka na hasira zangu ziko karibu. Napika kwenye kantini ya chuo kule Mazimbu, na kazi ile hainipi nafasi ya kutulia: saa kumi na moja na nusu alfajiri niko mlangoni natoka, wanafunzi wakiamka chai iko tayari. Miaka yote hiyo nimekata vitunguu huku nikigombeza mtu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono.

Jioni ile mjomba alilitundika gogo chini ya paa la kibaraza, akazibua tundu. Nyuki hawa ni wadogo kama mbu na hawana mwiba, hata mtoto anaweza kukaa nao. Mama akaagiza kiti chake kiwekwe hapohapo. Halafu akalifungua lile fundo. Nilidhani ni hela za matibabu, kumbe ni mbegu za boga. Zilikuwa saba.

"Panda nne," akaniambia. "Tatu zifunge tena, ziweke."

Nilizijua mbegu zile. Boga lake ni dogo, la kijivu, lina mifereji mirefu, na maua yake ni matamu kuliko ya boga lolote nililowahi kupika. Mama alipewa na mama yake, naye na mama yake. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama, na vitu vya namna hii hufuata njia hiyohiyo. Watoto wa kike mama alijaliwa mmoja, ndiyo mimi, na mimi niliondoka mlimani nikiwa na miaka kumi na saba bila kuomba mbegu wala kitu chochote. Kule juu watu wamegeukia kabichi na karoti za kupeleka Dar, na maboga wanayopanda ni yale makubwa ya sokoni. La mama lilibaki kwake peke yake, na msimu ule aliougua halikuzaa vizuri. Zile saba ndizo zilikuwa zote.

Mimi nikapanda saba. Nilisema moyoni, kuna faida gani kuficha mbegu ndani ya nguo wakati mvua za masika zinanyesha na uwanja upo? Mimea mingi, chakula kingi. Mama alipouliza kama zile tatu nimezifunga, nilimwambia nimezifunga. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Uwanja wangu haukuwa na maana yoyote kabla hajaja. Jirani anafyatua matofali, vumbi la saruji linatua mpaka kwenye sufuria. Mama, kutoka kwenye kiti, akaanza kuniagiza. Mchaichai karibu na bomba. Mnanaa kwenye ndoo iliyotoboka. Mrehani ukutani, mstari mzima. Giligilani niliipanda mwenyewe kwa ajili ya kachumbari, na ilipoanza kutoa maua meupe nikataka kuing'oa nipande nyingine, akanikataza.

"Acha. Hiyo sasa ni ya nyuki."

"Siku hizi tunawalimia wadudu, mama?"

"Tunawalimia. Mbona wewe nilikulimia na hukuwahi kusema asante?"

Nilicheka, naye akacheka mpaka pumzi ikamkata, nikamshika mgongo. Uwanja ukabadilika. Nikirudi jioni nakuta harufu ya mrehani imefika mpaka getini, na majirani wakaanza kuja kuomba majani ya chai. Wanaamkia, "Shikamoo bibi," wanakatiwa mchaichai. Ila kula, mama alikuwa hali. Uji vijiko viwili, wali anauchezea. Nilimpikia samaki, nikampikia kuku wa kienyeji, akasema chakula changu ni kitamu lakini ni cha watu wengi. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Maboga yakatambaa, yakafika ukutani. Yalipoanza kuchanua akaniita akanifundisha, ingawa niliyajua haya nikiwa mtoto na nilikuwa nimeyasahau kwa makusudi. Ua dume lina shingo nyembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Jike haliguswi. Dume huchumwa, lakini baada ya nyuki kumaliza kubeba unga wake kwenda kwa jike, jua likishapanda, na kila mmea huachiwa madume mawili ya kubaki. Kule mlimani wanawake hawachumi maua ya maboga kabla ya hapo, na mwanamke anayeyachuma alfajiri husemwa kisimani.

"Ukiwawahi nyuki, umejiwahi mwenyewe," mama aliniambia.

Nikasema sawa, mama, nimesikia. Saa nyuki wanapomaliza mimi niko Mazimbu nimezama kwenye masufuria. Kwa hiyo nilichuma alfajiri, kwa mwanga wa simu, maua yakiwa bado yamefumba. Nikayatoa nyuzi za kijani, nikayapika na karanga za kutwanga na kitunguu, mwishoni majani mawili ya mrehani, nikaacha yamefunikwa.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi, nilikuwa zamu fupi, nikawahi kurudi nikampakulia mwenyewe. Mama akala. Jamani, alikula! Alimaliza sahani, akafuta mchuzi kwa tonge la ugali, akauliza kama yapo mengine. Nilisimama mlangoni namtazama, machozi yananitoka, nikajifanya nimekata vitunguu. Tangu siku hiyo nikawa nachuma kila asubuhi, na jioni nikirudi nampakulia na kusimama palepale mlangoni. Mwanzoni niliacha madume mawili mawili. Kisha moja moja. Baada ya wiki nikawa siachi kitu. Kila alipomaliza sahani niliona nimeushinda ule moyo uliochoka, nimemshinda daktari, nimeshinda hata miaka niliyokaa mbali.

"Umewaachia nyuki?" aliniuliza kila jioni.

"Nimewaachia."

Viboga vidogo vikaanza kuwa vya njano na kudondoka. Nilijua kwa nini. Nimekulia mlimani, siyo mjinga. Nilikuwa naviokota kabla jua halijatoka, nafukia kwenye shimo la taka, nikijiambia wiki ijayo nitaacha, akishapata nguvu nitaacha. Kutoka kwenye kiti chake alikuwa anaona majani tu, na majani yalikuwa mazuri.

Jumapili moja nilikuwa nyumbani. Nikamkuta amejisogeza mpaka uso wake uko karibu kabisa na gogo.

"Njoo utazame hapa."

Nikainama. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka.

"Unaona nini?"

"Naona nyuki, mama."

"Tazama miguu yao."

"Miguu ya nyuki hawa nitaionaje mimi na macho haya?"

"Mimi naiona. Nina kazi gani nyingine? Huyo ametoka kwenye giligilani. Huyo hana kitu. Huyo hana kitu. Unga wa boga ni wa njano kabisa, mtu hawezi kuukosea. Sijauona tangu mwezi uandame."

Alikuwa hanitazami, anawatazama wao.

"Unayachuma yamefumba," akasema.

"Ndiyo."

"Na zile tatu?"

"Nilizipanda."

Nilitegemea anigombeze. Ningejua la kufanya, ningegombeza na mimi. Badala yake akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nilijua tangu wiki ile ya kwanza. Ua lililofunguka lina unga wake, ulimi unaujua. Haya yako yalikuwa machanga."

"Sasa mbona ulikuwa unakula?"

"Ulikuwa unasimama pale mlangoni kunitazama. Tangu uondoke mlimani hukuwahi kunitazama hivyo."

Nikaingia ndani. Nilikaa jikoni nimeshika upawa sijui wa kazi gani.

Kuanzia siku ile mama hakuyala tena. Nilipika yale niliyokuwa nimechuma asubuhi hiyo, akaisogeza sahani kwa vidole. Alisema hayo siyo yake tena, ni ya boga. Nikabembeleza. Nikapika kitu kingine, akaonja akaacha. Siku ya nne hasira zikanipanda, nikaitupa sahani kwenye karai ikavunjika, nikasema, "Basi sipiki tena! Kaa na njaa yako na nyuki wako!" Niliyasema hayo kwa mgonjwa, kwa mama yangu mzazi. Akaniambia nisikanyage vigae, nitaumia.

Nikaacha kuchuma. Lakini masika yalikuwa yanaisha, na mimea ilikuwa imechoka. Mmoja ukakauka, ukafuata mwingine. Majike yaliyokuwa yakichanua kwa wingi wakati ule nilipokuwa nikiiba madume, sasa hayakuja. Nikawa nazunguka ukuta kila jioni nainua jani moja moja. Mwisho, nyuma kabisa, kwenye mmea uliobaki na uhai, nikaona kiboga kimoja kidogo na ua lake limefumba juu yake. Dume lilikuwa moja, hatua mbili kutoka pale. Nikamwambia mama. Akauliza yatafunguka lini. Nikasema kesho au kesho kutwa. Akafumba macho.

Wakati huo alikuwa hatoki tena kwenda kibarazani, nimemlaza chumba cha mbele na dirisha liko wazi. Akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Mara yuko Kihonda na mimi, mara yuko Mgeta ananiambia nimfungie mbuzi ambao waliuzwa kabla sijaolewa.

Asubuhi ya pili, kabla ya adhana ya alfajiri, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi.

"Mwanangu. Nimetamani ua."

"Ua gani, mama?"

"La boga. Moja tu. Nipikie."

Sijui mpaka leo kama alikuwa na mimi au alikuwa mlimani. Sijui kama alilikumbuka lile jike. Nilisimama pale nimeshika nguzo ya kitanda. Zilikuwa zimepita siku tano hajameza kitu zaidi ya maji na uji wa kulowesha ulimi. Na sasa anaomba kwa mdomo wake mwenyewe.

Nikatoka. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, na maua yote mawili yalikuwa yanafunguka. Niliishika shingo ya lile dume kwa vidole viwili. Nilisema, mbegu potelea mbali. Mama ndiye huyu, anaondoka, ana hamu ya kitu kimoja duniani na kitu chenyewe nimekishika. Mkono wangu ulikuwa tayari, maana mkono wangu siku zote uko tayari. Halafu nikaachia.

Nilichuchumaa pale. Nilimpigia msimamizi wangu nikamwambia leo siji kabisa, akaanza maneno, nikakata simu. Jua lilichelewa sana kuupita ule ukuta. Ndani nilimsikia mama anakohoa, nikaenda nikamlowesha midomo, akauliza, "Bado?" nikasema, "Bado kidogo, mama," nikarudi. Nilikwenda na kurudi hivyo mara tatu. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani, mama, au nyuki waliokuwa wamelala mpaka saa hizo.

Wakaja. Kwanza mmoja, akaingia kwenye dume, akakaa humo muda mrefu mpaka nikamtukana. Alipotoka miguu ilikuwa ya njano, hata mimi niliiona. Akaenda zake gogoni, mshenzi yule. Wakaja wengine wawili. Mmoja akatoka kwenye dume akapita juu ya jike, akarudi, akatua, akaingia. Akafuata mwingine. Nikangoja waingie tena na tena, kwa sababu safari hii sikutaka kujiwahi. Ilikuwa inakaribia saa nne ndipo nilipolichuma lile dume, nikaingia nalo jikoni nakimbia.

Ua moja halichukui muda. Karanga kiganja kimoja, kitunguu kidogo, jani la mrehani. Likanywea likawa kitu kidogo katikati ya sahani. Nikampelekea likitoa moshi.

Nikamwinua kichwa. Alinitazama, nikajua yuko na mimi.

"Umewaachia?"

"Nimewaachia, mama. Wamemaliza."

Akaushika mkono wangu akaugeuza. Vidole vilikuwa na unga wa njano, sikuwa nimenawa. Akavitazama, akavileta karibu na pua yake. Nikachota kidogo kwa kijiko nikamgusisha mdomoni. Mdomo ulifunguka lakini koo halikufanya kazi, mchuzi ukatoka pembeni, nikaufuta. Nikajaribu tena.

"Weka hapo," akasema. "Nitakula."

Niliiweka sahani kwenye stuli. Hakula. Alilala, na siku iliyofuata baada ya adhuhuri akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sahani ilikuwa bado pale kwenye stuli. Wanawake waliokuja kumwosha wakataka kuitoa, nikawafokea.

Tulimzika Mgeta, kwenye ardhi ya ukoo, juu, mahali ambapo waliobeba jeneza walipokezana kila baada ya hatua chache. Niliporudi Kihonda nilikuta lile jike limenyauka na kiboga hakikudondoka. Kilikuwa kimenenepa.

Arobaini tuliisoma kwangu. Mjomba aliposhuka na jamaa, boga lilikuwa limekomaa, dogo, la kijivu, limelala kwenye majani makavu. Mjomba akalipigapiga kwa kidole, akasema kwa nia njema kabisa kwamba lipikwe siku hiyo, marehemu alilipenda, watu waonje. Nikamjibu mbele ya wote kwamba atakayeligusa aanze kwa kunichinja mimi. Mtu hasemi na mjomba wake namna hiyo, kwetu hasa. Yeye akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, mama," akaenda kukaa.

Nililipasua peke yangu wageni walipoondoka. Mbegu nyingi zilikuwa mapepe, ukibonyeza hakuna kitu ndani. Nilizipapasa moja moja mpaka ya mwisho. Zilizojaa zilikuwa tisa. Vuli ilipoingia nilipanda tano, na nne nikazifunga kwenye pembe ya ile khanga ya mama, ambayo sijaifua.

Sasa kazini wananijua kwamba msimu wa maua nachelewa. Msimamizi alishasema akachoka. Maua ya kwanza ya vuli yalipofunguka nilikaa kwenye kiti cha mama mpaka nyuki wakamaliza, nikachuma madume matatu, nikaacha mengine, nikapika vilevile na karanga na mrehani. Nilikuwa nimeapa sitayatia mdomoni. Nilikaa na sahani pale chini ya gogo, nyuki wanaingia na miguu yao ya njano, na njaa ilikuwa imenishika kwa sababu nilikuwa sijanywa chai.

Nikala. Yalikuwa matamu, mama. Kwa mara ya kwanza tangu niondoke mlimani nilikuwa nayala yamefunguka, na nilikasirika sana kwamba yalikuwa matamu.